Mwongozo wa Kupima Mahandaki na Matuta ya Kale

Msomaji aliyezoea magofu ya pwani, yenye mihirabu ya matumbawe na kuta zilizopakwa chokaa, akipelekwa penye boma la udongo la bara aghalabu huuliza liko wapi, ilhali amekwisha kulikanyaga. Tuta la udongo, baada ya masika ya karne tano au sita, na mifugo kupita juu yake, na miti kuota mbavuni mwake, hushuka na kulainika hata likafanana na ardhi iliyolizaa, na mwenye kulima juu yake akadhani ni mgongo wa nchi ulioumbwa hivyo tangu azali. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu atakaye kuyaona mahandaki na matuta ya namna hiyo, kuyapima na kuyatia katika ramani, pasipo kuchimba hata jembe moja la udongo. Mwalimu na wanafunzi wake, mtumishi wa wilaya, au kijana wa kijijini mwenye bidii na stahamala, wote waweza kuifanya kazi hii, na vyombo vingi inavyovihitaji hupatikana kwa mwashi wa mtaa wowote.

Mfano nitakaouegemea ni Bigo bya Mugenyi, katika wilaya ya Sembabule nchini Uganda, kwenye ukingo wa kusini wa mto Katonga. Hapo pana mahandaki ambayo urefu wake, vipande vyote vikijumlishwa, wapita kilomita 10, nayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni handaki refu la nje, lendalo kwa kupindapinda pamoja na tuta lake, magharibi likigusa Katonga na mashariki likiishia katika kinamasi cha Kagogo, hata nchi yote iliyo baina yake na mto ikawa imezingirwa. Ya pili ni mkusanyiko wa mahandaki yaliyoungana na kukizunguka kilima kilicho karibu na mto, na ndani ya mzunguko huo mna vilima viwili vilivyofanywa kwa mikono ya watu, na cha tatu ki nje kidogo upande wa magharibi. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika habari zake mwaka 1934. Peter Shinnie akachimba mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960, na vipimo vya kaboni vimeelekea karne ya 14 na ya 15. Simulizi za wenyeji hupanasibisha mahali hapo na Wachwezi, ukoo wa kifalme wa akina Ndahura na Wamala, ambao katika nchi za maziwa makuu hutajwa kama watu na huheshimiwa kama pepo.

Nimelichagua Bigo kwa sababu lafundisha adabu iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hii, nayo ni kuchora kionekanacho kwanza na kukipa jina baadaye. Wengi walifika pale wakiwa wamekwisha kusikia habari za ngome, na kwa hiyo wakaona ngome. Lakini mtu atembeaye kandokando ya handaki la nje, daftari mkononi, akiandika kila pengo analolikuta, hushangaa kuona jinsi milango ilivyo mingi, na hujiuliza ni jeshi gani ambalo lingetosha kulinda ukuta wa urefu ule. Huenda lilikuwa zizi la ng'ombe wa mfalme, huenda lilikuwa alama ya enzi yake iliyoandikwa juu ya nchi, huenda lilitumika kwa haya yote kwa zamu. Ramani iliyochorwa kwa insafu huyaacha maswali hayo wazi kwa atakayekuja na jembe la uchunguzi, ambapo ramani iliyoandikwa "ngome" kwa herufi kubwa hata kabla futi kamba haijafunguliwa huwapotosha watu kwa miaka mingi.

Basi, kabla ya kufunga safari, tafuta ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Malikale ya mwaka 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Uganda imepata yake mpya ya makumbusho na majengo ya kumbukumbu mwaka 2023. Kupima kwa macho na kamba hakuhamishi udongo, lakini mgeni anayezungukazunguka kilima kwa dira na vigingi hudhaniwa mara moja kuwa atafuta dhahabu, au amekuja kukata viwanja. Barua moja kutoka ofisi ya mambo ya kale, na nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji, huondoa tuhuma hizo. Na mwenye shamba aendewe nyumbani kwake, asikutwe na habari shambani. Tafuta pia ramani za serikali za zamani na picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa ukoloni, maana baadhi ya matuta yaliyoonekana wazi mwaka 1955 leo yamekwisha kulimwa yote, na picha ile ndiyo shahidi wa pekee aliyebaki.

Sanaa ya kuyatazama matuta kutoka juu ilipata nguvu Uingereza, ambako O. G. S. Crawford, aliyekuwa mtazamaji ndani ya ndege katika Vita Kuu vya Kwanza, alipewa mwaka 1920 kazi ya afisa wa mambo ya kale katika idara ya ramani ya nchi ile, na mwaka 1928, pamoja na Alexander Keiller, akatoa kitabu cha picha za nchi ya Wessex zilizopigwa hewani. Vitabu vingi vya kufundisha upimaji wa matuta vimetoka huko, navyo vyafaa sana, ila katika jambo moja vitakuponza usipohadhari, nalo ni jua. Vitabu hivyo humwambia mwanafunzi aende wakati wa baridi, jua litambaapo chini mchana kutwa, likitupa vivuli virefu vinavyolifichua kila tuta. Sisi tuishio karibu na mstari wa istiwai hatuna jua la namna hiyo. La kwetu huchomoza na kupanda wima, kwa kadiri ya nyuzi 15 kila saa, na mgongo wa tuta ulioliwa na mvua hata ukabakiwa na mteremko wa nyuzi 10 hautoi kivuli tena dakika 40 baada ya jua kuchomoza. Saa moja na nusu asubuhi umekwisha kuchelewa. Lazima uwe umesimama mahali pako tangu usiku, ukingoje jua, na jioni urudi tena kwa muda mfupi kama ule.

Si hayo tu. Kwa kuwa jua letu huenda mashariki hata magharibi karibu moja kwa moja, tuta linalolala kaskazini kwa kusini hulikinga na kutupa kivuli asubuhi na jioni, lakini tuta linalolala mashariki kwa magharibi humulikwa sawasawa pande zote mbili na kupotea machoni kabisa. Mtu aliyetazama siku chache za mwezi wa Machi, jua lichomozapo mashariki kamili, anaweza kuapa kwamba handaki limekatika mahali fulani, kumbe limepinda tu kuelekea magharibi. Dawa yake ni kutazama katika miezi miwili iliyo mbali: Juni, jua lichomozapo upande wa kaskazini ya mashariki kwa kadiri ya nyuzi 23, na Desemba, lichomozapo upande wa kusini kwa kadiri iyo hiyo. Kwa bahati njema miezi hiyo huangukia karibu na vipindi vya kiangazi katika nchi za Katonga, nyasi zikiwa fupi au zimekwisha kuungua. Ikiwa zimeungua, nenda upesi kabla hazijachipua. Lakini usiwashe moto wewe, wala usimshawishi mtu auwashe kwa ajili yako.

Nyasi zenyewe nazo ni shahidi. Ndani ya handaki lililofukiwa, udongo ni mwingi na laini, nao huweka unyevu. Juu ya tuta, udongo hukauka mapema. Mwanzo wa kiangazi, kwa siku chache, utaona ukanda wa kijani ukipita katika nyasi zilizokwisha kuwa manjano, nao huenda hata pale ambapo mguu hauhisi bonde lolote. Siku hizo ni chache mno, na mwenye kuzijua ni mchungaji.

Ndiyo sababu nasema mchungaji na mzee wa mahali waulizwe mapema, na waulizwe vizuri. Ukimwendea mzee, baada ya salamu na mazungumzo ya heshima, ukamwuliza, "Mzee, hili ndilo handaki la Wachwezi?" atakuitikia ndiyo, kwa kuwa ni mkarimu na hapendi kumvunja mgeni moyo, nawe utakuwa hukujifunza neno. Mwulize badala yake: maji husimama wapi wakati wa masika? Ng'ombe hupitishwa wapi, na kwa nini hapo? Shimo lile lilichimbwa lini, na nani? Pana sehemu ambayo plau hukwama, au jembe hutoa vigae? Majibu ya maswali hayo hayana hadithi ndani yake, nayo yatakuokolea kazi nyingi. Hadithi pia isikilizwe, tena iandikwe kama ilivyosemwa, lakini katika ukurasa wake. Usiichanganye na vipimo.

Baada ya hapo tembea. Siku ya kwanza usichukue chombo chochote ila kalamu na karatasi, na ulizunguke eneo zima, ukipanda kila tuta na kushuka kila handaki, mpaka miguu yako ijue sura ya mahali. Utakutana na vitu vingi vinavyojifanya vya kale. Kichuguu kikubwa kilichokufa hufanana na kilima cha kaburi, lakini udongo wake ni mgumu, wa rangi moja, na aghalabu miti ya namna yake hukiotea. Njia ya ng'ombe iendayo mtoni, ikikanyagwa miaka mia, huwa handaki kamili, ila haina tuta la udongo uliotolewa, na daima hushuka kwenye maji. Korongo la mmomonyoko hupanuka literemkapo na hugawanyika juu kama vidole. Handaki la watu hushika upana wake na huukata mteremko bila kujali maji yanataka kwenda wapi. Shimo la murramu la wajenzi wa barabara lina upande mmoja ulio wazi, pa kuingizia gari. Mgumu kuliko wote kutambua ni mtaro wa hifadhi ya udongo uliochimbwa zama za ukoloni au baada yake, ambao wakulima wa Ukambani wameuita fanya juu, kwa kuwa udongo hutupwa upande wa juu wa mteremko, na mwenziwe fanya chini, ambao udongo hutupwa upande wa chini. Mitaro hiyo hufuata usawa wa nchi, hupangwa mmoja chini ya mwingine kwa nafasi zinazokaribiana, na mtu mwenye umri wa miaka sabini huenda aliichimba kwa mikono yake. Kwa kila handaki utakaloliona andika jambo hili kabla ya jingine lolote: udongo umetupwa upande gani?

Sasa tufike kwenye vipimo. Vyombo ni futi kamba ya mita 30 au 50, vigingi, uzi wa waashi, timazi, dira nzuri, fito tatu au nne zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na mpira wa maji, yaani ule mpira mwembamba unaoonyesha yaliyo ndani, ambao mafundi huutumia kusawazisha misingi ya nyumba. Mwenye kupata levo ya mpima ardhi aitumie. Lakini asiyepata asikae kitako kuisubiri.

Pigilia vigingi viwili mbali kwa mbali, mahali ambapo waweza kuona kutoka kimoja hadi kingine, kandokando ya kazi unayotaka kuipima, na kati yao uvute uzi: huo ndio mstari wa msingi, na kila kipimo kitarejea kwake. Tandika futi kamba juu yake, kisha, kila baada ya mita 5, toka kwa pembe mraba mpaka kwenye ukingo wa handaki, kitako chake, mgongo wa tuta na mwisho wa tuta, ukiandika umbali wa kila kimoja. Pembe mraba hupatikana kwa kanuni ya tatu, nne na tano wanayoijua waashi wetu wote: mita 3 juu ya mstari, mita 4 kwa pembeni, na ncha mbili zikikutana kwa mita 5, pembe ni sahihi. Mahali ambapo handaki linapinda, punguza nafasi kuwa mita 2 au hata 1. Futi kamba ivutwe kwa usawa. Mtu akiilaza juu ya mteremko, atapata umbali mrefu kuliko wa kweli, na boma lake litatanuka katika ramani.

Kina cha handaki ndipo wapimaji wengi wanapoharakisha, na ndipo mimi nitakapokaa kidogo. Chagua mahali ambapo handaki halijabomolewa na njia wala shimo, na upitishe mkato mmoja kutoka nje ya tuta hadi ng'ambo ya handaki. Kila upande piga kigingi kirefu. Jaza mpira maji taratibu, ukiuinua na kuugonga mpaka mapovu yote yatoke, kwa maana povu moja katikati hupotosha usawa na huwezi kulijua kosa kwa kutazama. Kisha mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kwanza, mwingine kwenye cha pili, ncha zote zikiwa wazi, na wangoje maji yatulie. Weka alama pale maji yaliposimama kila upande. Funga uzi katika alama hizo mbili, uukaze, na uwekee nguzo katikati kama ni mrefu na unalegea. Sasa una mstari ulio sawa kama uso wa maji, na kilichobaki ni kushusha timazi kila nusu mita na kusoma umbali kutoka uzini hadi ardhini. Vipimo ishirini au thelathini vya namna hiyo, vikichorwa katika karatasi ya miraba, vitaonyesha umbo ambalo jicho halikuliona: kitako kilicho bapa au chenye ncha, ukuta mmoja mkali na mwingine mlegevu, mgongo wa tuta uliosogea.

Mkato huo hukupa pia hesabu. Tuseme handaki lina upana wa mita 6 juu na mita 2 chini, na kina cha mita 3. Jumlisha upana wa juu na wa chini, gawanya kwa mbili, zidisha kwa kina, utapata mita za mraba 12. Basi kila mita 100 za urefu zilitoa mita za ujazo 1,200 za udongo. Tazama upande wa pili: tuta lina upana wa mita 7 kitakoni na kimo cha mita 1.5, na tukilihesabu kama pembetatu tutapata mita za mraba 5 na robo tu. Udongo uliobaki umekwenda wapi? Sehemu imerudishwa handakini na mvua, lakini kumbuka kwamba kwa sababu iyo hiyo handaki unalolipima leo lina kina kidogo kuliko lilivyochimbwa, kwa hiyo udongo uliorudi hauwezi kuueleza upungufu huo. Pengine ulichukuliwa kujengea kitu kingine, pengine ulisambazwa ndani ya boma, pengine tuta lilikuwa pande mbili na moja limelimwa. Mpimaji hapaswi kujibu, lakini aliyefanya hesabu hii atajua pa kutazama siku ya pili, na mwenye kuchimba baada yake atashukuru. Wala usijaribu kutafuta kitako cha asili kwa kuchoma mtaimbo ardhini. Tabaka za udongo uliojaa humo ni kama kurasa kwa mchunguzi, na ukizitoboa hazizibiki.

Kwa handaki refu kama lile la nje la Bigo, mstari mmoja wa msingi hautoshi, nawe utahitaji kwenda kwa vituo. Simama kituo cha kwanza, soma kwa dira mwelekeo wa kituo cha pili, pima umbali, nenda huko, na kabla ya kuendelea geuka usome mwelekeo wa kurudi. Masomo mawili yatofautiane kwa nyuzi 180. Yakikataa, tafuta chuma kilicho karibu: panga kiunoni mwa msaidizi wako, funguo mfukoni, waya wa seng'enge, au mwamba wenye madini ya chuma. Ukiweza, fanya mzunguko urudi kwenye kituo ulichoanzia, na utazame mwisho wa mchoro wako wakosana kwa mita ngapi na mwanzo wake. Kasoro hiyo iandikwe kwenye ramani waziwazi. Simu zilizo na chombo cha kusoma setilaiti husaidia sana hapa, maana hukosa kwa mita chache tu, na katika kilomita 10 mita chache si kitu. Katika mkato wa handaki la mita 6, mita chache ni kazi yote kuharibika. Kila chombo na mahali pake.

Kuhusu skeli, kilomita moja ya handaki kwa skeli ya 1:1000 hutaka karatasi ya mita nzima, na kwa 1:2500 hutaka sentimita 40. Ramani ya jumla iwe ndogo, na sehemu zenye mambo mengi zichorwe tena kwa 1:500. Katika kuchora, jiografia ya shuleni itakushauri utumie kontua, nazo ni nzuri kwa kilima. Lakini tuta la nusu mita hupenya baina ya kontua mbili bila kuguswa. Wapimaji wa mambo ya kale hutumia vijistari vya mteremko, vyenye umbo la viluwiluwi: kichwa kinene huwekwa juu, pale mteremko unapoanza, na mkia huchongoka kuelekea chini mpaka pale unapokoma. Mteremko mkali hupata vijistari vinene vinavyobanana, mteremko mpole hupata vyembamba vilivyoachana. Faida yake kubwa ni kwamba huwezi kukichora hata kijistari kimoja pasipo kuamua, papo hapo shambani, wapi ni juu na wapi ni chini, na ukingo umeanzia wapi. Kwa hiyo chora huko huko, ukiwa umesimama juu ya kitu chenyewe. Mchoro uliokamilishwa mezani jioni hujaa dhana.

Mahali pa kutumia muda mwingi kuliko pote ni makutano. Handaki likilikata tuta, handaki ndilo jipya. Tuta likipita juu ya handaki lililokwisha kujaa, tuta ndilo jipya. Na matuta mawili yakiungana bila hata moja kulikata jingine, huenda yalifanywa pamoja. Kwa njia hiyo, bila kuchimba, waweza kupanga nini kilitangulia na nini kilifuata. Pale Bigo, upande wa mashariki, handaki la nje hutoa tawi, na tawi hilo nalo huenda kuishia Kagogo. Kwa nini mikono miwili kuelekea kinamasi kimoja? Je, boma lilipanuliwa, au lilipunguzwa, au kinamasi chenyewe kilihama? Mpimaji akifika njia panda ya namna hiyo na asimamishe safari yake hapo kwa siku nzima, atandike mistari miwili ya msingi, apite mikato kila upande wa makutano, na aache marefu yaliyonyooka yangoje. Hayo hata mwanafunzi wa wiki moja atayamaliza.

Vilima navyo vipimwe kwa mikato miwili inayokatana katikati, na uso wake utazamwe kwa makini. Ntusi, isiyo mbali na Bigo, ina vilima vikubwa ambavyo wachunguzi wameviona kuwa ni taka za maskani ya watu, mifupa ya ng'ombe na vigae kwa wingi, na kwa macho ya mpita njia havitofautiani na vilima vilivyojengwa kwa makusudi. Kigae kikionekana juu ya ardhi, andika mahali kilipo na nakshi yake, ukipige picha, ukiache.

Ziko siku hizi njia za kupima kutoka hewani. Katika bonde la Upano nchini Ekwado, miali ya leza iliyoshushwa kutoka ndege mwaka 2015 ilipenya majani ya msitu, na habari zilipochapishwa mwaka 2024 zilitaja majukwaa ya udongo zaidi ya 6,000. Ni jambo adhimu, na laiti nchi zetu zingepata gharama zake. Ndege ndogo zisizo na rubani ni rahisi zaidi, lakini zataka kibali cha mamlaka ya anga, na picha zake za kawaida huonyesha ncha za nyasi tu, si ardhi iliyo chini yake. Hata hivyo mtu asidharau miguu. Kusini mwa Nijeria, Patrick Darling alitumia miaka mingi akifuata kwa miguu matuta ya nchi ya Benin na baadaye boma la Sungbo's Eredo, ambalo mzunguko wake ni yapata kilomita 160 na ambalo msitu ulikuwa umelimeza.

Mwisho, daftari. Kila ukurasa uwe na tarehe, majina ya waliopima, hali ya nyasi na saa ya kazi, maana msomaji wa baadaye atataka kujua ulitazama katika nuru gani. Andika kwa kalamu ya risasi, ambayo maandishi yake hayasambai mvua ikinyesha. Ramani ikikamilika toa nakala tatu: moja ipelekwe katika ofisi ya mambo ya kale ya nchi, iwe ni Idara ya Malikale ya Tanzania, Makumbusho ya Taifa ya Kenya au Makumbusho ya Uganda yaliyoko Kampala, ya pili ibaki shuleni au katika ofisi ya kijiji, na ya tatu apewe mwenye shamba, kwa mkono wako mwenyewe, ukamtembeze na kumwonyesha tuta moja baada ya jingine, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua, msimu ujao, plau ipite wapi.